Siku Nilipolivika Bomba Blanketi

Haya, chekeni tu, maana aibu hii siwezi kuificha tena wakati mtaa mzima hapa Bagamoyo unaniita Baba Blanketi.

Aliyeniponza ni shemeji yangu Hashimu, anayeishi Ulaya kwenye baridi kali. Alinipigia simu ya video akanieleza kwamba kwao maji huganda ndani ya mabomba mpaka mabomba yanapasuka, kwa hiyo wanayafunga matambara mazito, na koki moja wanaiacha idondoshe maji kidogo kidogo, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Nikajiona nimepata elimu (hapo ndipo ningekata simu). Bomba letu limelazwa juu ya ardhi kutoka kwenye tangi, ikifika saa sita mchana maji yake utadhani ya chai, na kesho yake wazee kutoka Mbegani walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Mwajuma, watu wa dini hasa, lazima wangetawadha kwangu. Nikawaza, kama blanketi linazuia baridi, jua litalishindaje?

Asubuhi nikalivika bomba mablanketi mawili, nikakaza kamba, na koki ya kichochoroni nikaifungua idondoshe.

"Baba Mwajuma, bomba lina homa?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia aangalie pilau yake, nikaenda zangu kunyoa ndevu.

Kumbe kudondosha kwangu mimi kulikuwa kumwaga! Wageni wakaja na kanzu nyeupe pee, wakapita kichochoroni, tope likawafika vifundoni. Nikaomba radhi, nikasema sijui maji haya yametoka wapi, na wallahi sikujua.

"Si neno," akasema mzee Kombo, baba mkubwa wa kijana, "tutajisafisha tukitawadha."

Akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa uani, akafungua koki. Ikakoroma. Ikatoa tone moja, la baridi safi kabisa (hapo nisinyimwe haki yangu), basi, tangi limekauka, na siku ile maji ya mtaa hayakuwa yanatoka. Adhana ya Adhuhuri ikaanza. Mzee Kombo akalifuata bomba kwa macho mpaka kwenye mablanketi, akanigeukia.

"Mwenzangu, huyu amelala au amefariki?"

Nilitamani ardhi inimeze. Jikoni nilimsikia Mwajuma analia, na nikaogopa kweli kwamba posa ya mwanangu inavunjika kwa ujuaji wangu.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alitoa katoni za maji ya kunywa tulizowawekea wageni, kila mzee akapewa chupa zake, wakatoa tope, wakatawadha, wakasali, kisha pilau wakaiteremshia madafu. Posa ikakubaliwa, alhamdulillahi.

Siku ya harusi mzee Kombo akaniletea zawadi mbele ya umati: ndoo ya mfuniko, imejaa maji pomoni, imevikwa blanketi.

"Hii haina koki, mkwe," akasema. "Tumekuonea huruma."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilitaka kununa, lakini nikamwona Mwajuma dirishani, hina mikononi, anacheka mpaka wanja unamchuruzika, nikacheka na mimi.

Siku hizi Hashimu akipiga simu namuuliza hali ya watoto. Akianza habari za mabomba, nakata.