Mkwe Hapigi Simu Hivyo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mnanicheka. Bibi aliyeachia shule darasa la tatu atatuambia nini kuhusu mtandao? Sina la kuwafundisha. Nashukuru tu, na mwenye kushukuru hutaja alichotendewa.

Binti yangu kifungua mimba anafanya kazi Malaba. Wenye malori yanayovuka kwenda Uganda humpa makaratasi yao, naye huyajaza kwenye mtandao wa forodha kwa akaunti yenye jina lake. Mwizi akiingia humo apitishe magendo, mwenye kosa ni binti yangu. Leseni inakwenda, na pengine yeye mwenyewe anakwenda ndani. Watoto wake wanakula kwa akaunti hiyo.

Pale Malaba simu hunyakuliwa kwenye foleni ya malori kama vifaranga mbele ya mwewe. Yake iliponyakuliwa alirudisha laini, akaitia kwenye simu ndogo ya vibonye, akaniletea hapa Nambale.

"Mama, mtandao wa kazi una milango miwili. Wa kwanza ni neno la siri. Wa pili ni namba zinazoingia kwenye simu hii. Nikitaka kufungua nitakupigia unisomee. Mimi peke yangu."

"Na akija chifu?"

"Hata chifu, Mama."

Nikaivaa shingoni kama rozari. Kila asubuhi alipiga, nikamsomea, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Mchana mmoja nilikuwa uani nabambua karanga. Namba zikaingia. Nikashangaa, maana asubuhi nilikuwa nimeshamsomea. Hata sijafuta mikono, simu ikalia.

"Halo, mama mkwe! Ni mimi mkweo! Mambo?"

Nikafuta mikono kwenye leso.

"Mke wangu yuko bize, amesema unisomee hizo namba. Haraka mama, lori limekwama!"

Sasa, mkwe wangu ni wa kabila la Wateso. Kwao kama kwetu, mume wa binti yako hakupi mkono wala haketi nawe meza moja. Tukikutana njiani yeye hunipisha na kugeuza uso. Tangu amwoe binti yangu hajawahi kunipigia simu. Salamu zake huletwa na mkewe, pamoja na sukari. Leo ndiye wa kunipigia "mambo" sikioni?

"Wewe," nikamwambia, "mahari ulileta ng'ombe wangapi?"

Akasema: "Mama, ya ng'ombe tutaongea baadaye..."

"Mkwe wangu akisikia sauti yangu hukimbia. Kimbia na wewe, mwizi!"

Nikakata, nikachukua simu yangu mwenyewe, nikampigia binti yangu. Alipiga ukemi hata nikasikia madereva wakimuuliza nani amekufa. Akabadilisha neno la siri palepale, akapanda gari kuja kwangu.

Alipofika hakukaa. Alinieleza amesimama. Mlango wa kwanza mwizi alikuwa ameshaufungua. Neno la siri lilikuwa jina la mtoto wake wa kwanza! Na Malaba ni nani anayemwita kwa jina lake mwenyewe? Wauza chai, wabadilisha pesa, askari wa geti, wote ni Mama fulani, Mama fulani. Mpaka mzima ulikuwa unamsalimia kwa ufunguo wake. Tena kila asubuhi alisimama katikati yao akisema kwa sauti, "Mama, nisomee namba." Aliyetaka kusikia alisikia, na namba ya laini ile, yake ya siku zote, wenye malori wote wanayo.

Nilimgombeza hadi akaketi. Kisha nikamshukuru, maana mlango wa pili ni yeye aliyeuweka, na bila huo karanga zangu zingekuwa za kumpelekea rumande. Namshukuru na Mungu. Mkwe wangu nilimtumia jogoo kwa adabu yake. Jibu lililetwa na mkewe: "Anasema asante sana, ila hatapiga simu kushukuru."

Siku ileile ya mwizi, kabla ya kupakua, niliwaita wote wanaokula kwangu, wakubwa kwa wadogo. Nikasema: Jina la mtoto, la mume, hata la ng'ombe, litoke kwenye kufuli za simu zenu sasa hivi, la sivyo ugali utabaki kwenye sufuria. Binti yangu akitaka namba atanipigia akiwa peke yake ndani, mlango umefungwa. Na hii ya shingoni ikilia nikiwa nimesinzia, asiiguse mtu. Iacheni ilie.