Mita Nne za Shimo la Saba

Usiku ule nyumbani kwa Mzee Komba walikuwa wanamaliza arobaini yake, nami nilikuwa kambini, nimejilaza na nguo za kazi. Sikuwa na huzuni. Tangu kiharusi kimchukue nilikuwa nakula, naoga, naandika ripoti, na ndani yangu kulikuwa kimya tu.

Mzee Komba ndiye aliyenifanya mjiolojia. Chuo kilinipa cheti. Yeye alinifundisha kulisoma jiwe, kulilowesha kwanza, kulikwaruza kwa kisu, kisha kunyamaza. Miaka sita nilimfuata kutoka kambi hadi kambi, mara nyingi mwanamke peke yangu, naye hakuwahi kunibebea nyundo. Sasa kazi yake nilikuwa nimepewa mimi: kueleza mwamba ulio chini ya bonde ambalo bwawa lingejengwa.

Kati ya mashimo ya kupimia mwamba, la saba lilitusumbua. Mtambo ulichoronga vizuri, ukatoa vipande vya mwamba, lakini katikati, kwa mita nne, bomba la kunasia vipande lilipanda tupu. Jioni Injinia Mhagama, mkuu wa kambi, aliniambia bila ukali, "Juu granaiti ngumu, chini granaiti ngumu. Katikati itakuwa nini tena? Andika granaiti, Rehema, ripoti iondoke kesho."

Nikasema sawa. Nikaandika kwa penseli, nikaenda kulala.

Nikamwona Mzee Komba kwenye banda la sampuli, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Nilijua amekufa, naye alijua kwamba ninajua, hatukulizungumza. Masanduku ya shimo la saba yalikuwa wazi mbele yake. Alikuwa akipitisha kidole juu ya vipande, kimoja baada ya kingine, na alipofika pale patupu kidole kilisimama.

Halafu si banda tena. Ni jiko la mama yangu, kule nyumbani, na masanduku yako chini, katikati ya masufuria. Mama anachambua maharage, hatutazami. Mzee anachota maji kwa kiganja, analowesha pale patupu kama alivyokuwa akilowesha jiwe. Maji yanazama. Anaongeza, yanazama. Nataka kumwambia sakafu ya mama italowa, lakini sakafu ni kavu.

Tunashuka bondeni. Sijui tumetokaje jikoni. Bwawa limeshajengwa, limejaa, limetulia. Chini ya ukuta ziko nyumba tunakonunua maziwa, na mama anayetuuzia anaanika nguo. Miguu yake imo ndani ya maji na yeye hana habari. Najaribu kuogopa, siwezi. Nasimama tu, naangalia maji yanavyompanda magotini, kama mtu anayesoma kipimo.

Mzee Komba ananigeukia. Uso wake hauna hasira. Ni uso wake wa asubuhi, kabla ya chai.

"Jiwe la katikati, uliliona?"

"Sikuliona, Mzee."

"Basi andika hukuliona."

Nataka kumweleza kwamba sikuja msibani, kwamba nilimwambia mkewe kwenye simu nina kazi, na kwamba kweli nilikuwa na kazi. Anainua mkono.

"Hilo hujaulizwa, mwanangu."

Anaanza kupanda mlima. Namtazama mpaka anakuwa mdogo, na hageuki.

Nilizinduka kumepambazuka. Nilikaa kitandani kidogo, kisha nikachukua fomu ya shimo la saba, nikafuta ile penseli, nikaandika kwa wino: *Mita nne, mwamba haukupatikana. Hali yake haijulikani.* Nikaweka sahihi.

Injinia alikuwa akinywa chai nje ya ofisi. Akaisoma mara mbili.

"Jana tulikubaliana."

"Ndiyo, Injinia. Nilikosea kukubali."

"Kuchoronga upya ni wiki nzima. Wakubwa wakiuliza, jina litakalotajwa ni lako."

"Lipo hapo chini."

Akaitazama sahihi yangu. "Nani kakushauri?"

Sauti yangu haikupanda wala kushuka, kama ninayemsomea namba. "Mzee Komba. Amenijia usiku."

Injinia Mhagama alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Mzee. Hakucheka. Alimwaga chai iliyobaki, akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Kisha akamwita fundi wa mtambo, akamwambia ausogeze hatua mbili kutoka shimo la saba na aende polepole.

Siku ya nne, kwenye kina kilekile, bomba halikupanda tupu. Lilipanda na udongo laini wa kijivu, umelowa chepechepe, wa kusombwa na maji ya mtambo ukienda haraka. Mafundi walizima injini, wakasimama. Injinia akapiga goti, akachota kidogo, akauminya ukapenya katikati ya vidole vyake vyote. Alikaa hivyo, mkono umenyooka mbele yake, mpaka fundi akamletea kitambaa.

"Rehema," akasema bila kuniangalia, "wapigie watu wa michoro. Ukuta hauwezi kukaa hapa."