Mgeni Haoshi Vyombo

Nilianzisha vikao vya Jumamosi kwa sababu nilikuwa mpweke. Jambo hilo nimelikana mbele ya kila aliyeniuliza, nikitaja haki, mshikamano na wajibu wa msomi kwa jamii yake. Ukweli ni kwamba kijana wangu alikuwa ameenda ng'ambo kutunza wazee wa watu wengine, nami nilikuwa nimerudi Kanyakine baada ya miaka mingi ya kufundisha chuo kule Embu, kwenye nyumba yenye viti vingi kuliko watu. Mimi huandika makala za kufikirisha. Wasomaji wangu wote wanaweza kutoshea kwenye kochi moja.

Nikawaalika kina mama ambao watoto wao pia wako nje. Mada ilikuwa uhamiaji na ubaguzi wa kimfumo, nao huo niliufafanua hivi: ubaguzi usiohitaji mtu mbaya, kwa sababu utaratibu wenyewe unaifanya kazi hiyo. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikaandika maswali ya kuongoza mjadala, nikawaambia hakuna jibu lisilofaa. Huo ulikuwa uongo. Kila anayeongoza mjadala huja na jibu lake mfukoni, akingoja mtu alitaje ili ajifanye kushangaa.

Vikao vya mwanzo vilikuwa vitamu. Mama mmoja alitusimulia habari za binti yake muuguzi, anayeulizwa kazini kila mara ametoka wapi.

"Anawaambia anatoka mtaa wa pili. Wanamwambia, hapana, kwenu *hasa* ni wapi?"

Chumba kizima kilisonya. Wazungu walichapwa kila Jumamosi bila hata kuwepo.

Kisha akaja mama mwenye bucha. Bucha ile ilifunguliwa na babu yake, na nusu ya harusi za Kanyakine zimelishwa na kisu cha familia yao. Ni Waislamu, ukimuuliza asili yao atakutajia makabila manne na kucheka. Kimeru chake ni kizuri kuliko changu, ambacho kimeharibiwa na vitabu.

Chai ilipoisha, kina mama walikusanya vikombe kwenda jikoni. Siku yake ya kwanza aliinuka nao, wakamrudisha kitini kwa mikono miwili.

"Kaa, mama. Mgeni haoshi vyombo."

Kwetu hiyo ni heshima, haina ubishi. Mimi nami, kwa kuwa ni mwalimu, nilirudishwa kitini ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ikawa hivyo kila Jumamosi: sisi wawili sebuleni, na kicheko kikitoka jikoni. Huko ndiko walikozungumza kweli.

"Wanatucheka?" aliniuliza siku moja.

"Wananicheka mimi. Wewe bado hawajakujua."

"Hawajanijua? Mimi najua ni nani kati yao hununua matumbo akisema ni ya mbwa."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Dakika zile ndizo nilizokuwa nikizingoja wiki nzima, ingawa hazikuwa kwenye malengo ya kikao.

Hatimaye nikapata ujasiri wa kuuleta mjadala nyumbani. Niliandika ukutani: hapa kwetu, ni nani huulizwa maswali ambayo wengine hawaulizwi?

Mama wa bucha ndiye aliyejibu. Binti yake alikuwa amemaliza shule na kuomba kitambulisho. Wenzake wa darasa moja walichukuliwa alama za vidole wakaenda zao. Yeye, kwa sababu ya jina lake, aliambiwa alete vyeti vya babu, kisha akae mbele ya wazee wamuulize kwao ni wapi.

"Mmoja wa hao wazee," alisema, "asubuhi hiyo nilikuwa nimemuuzia mbavu."

Mama wa yule muuguzi akasema, kwa upole wa kweli, "Lakini si ni kawaida tu? Lazima waulize. Ni mambo ya usalama."

Jibu lilikuwa mfukoni mwangu. Badala ya kulitoa nilifuata mwongozo wangu, unaosema kila anayesimulia ashukuriwe. Nikasema, "Tumshukuru mgeni wetu kwa kutufungulia moyo."

Wakapiga makofi. Aliyangoja yaishe.

"Mwalimu, si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Sisi tangu babu yangu tunangoja jembe."

Akachukua kikombe chake, akapita katikati yao hadi jikoni, akakiosha, akakifudikiza kwenye rafu. Kisha akaenda zake.

Nilijitetea kwa siku kadhaa, peke yangu, na kila mjadala nikaushinda. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Kina mama walisema huenda ana shughuli. Chai ikiisha waliingia jikoni, nami nikabaki sebuleni nikitazama kiti. Sikwenda bucha kuomba radhi. Niliacha kula nyama. Nilikula maharagwe kwa woga nikajiambia ni afya. Nilimwandikia ujumbe kwenye simu nikaufuta, nikaandika mwingine nikaufuta, kwa kuwa kila mmoja ulianza na "Natambua kwamba", kama barua ya chuo.

Alasiri moja simu ikalia.

"Mwalimu, uko?"

"Niko."

"Msichana amepata kitambulisho."

Nikasema alhamdulillahi haraka mno, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Alicheka kidogo.

"Basi Jumamosi utakuja?" nikauliza.

Nilisikia shoka likigonga gogo la kukatia nyama. "Hapana. Hapo kwako mimi ni somo. Wanakuja, wananisoma, halafu wanaenda nyumbani wamefaulu."

"Njoo siku isiyo na kikao."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu. Niko peke yangu hapa."

Sikuwahi kuyatamka maneno hayo kwa sauti. Nikamsikia akimwambia mteja, "Ngoja kidogo, baba."

"Huko siji tena, mwalimu," akasema. "Lakini Jumapili nafunga saa nane. Uje wewe. Upite mlango wa nyuma, wa mbele nitakuwa nimeufunga."

Akakata simu.