Wingu Aliloliona Rafiki Yangu

Kwa miaka miwili niliamini kwamba macho yangu yamezeeka, na aliyenifanya niamini hivyo ni rafiki yangu. Bado nina hasira naye, kwa hivyo sitajifanya mpole hapa.

Tulikuwa tukifundisha shule moja karibu na Kathonzweni, mimi fizikia, yeye jiografia. Darubini ilikuwa yangu, ndogo, ya mtumba, na mguu wake mmoja niliufunga kwa mpira wa baiskeli. Siku za kiangazi tuliisimamisha uani kwangu baada ya kula muthokoi, tukizima hata taa ya jikoni, mke wangu akilalamika kwamba anaosha vyombo kwa kupapasa.

Tulikuwa na sheria moja tu. Ukichungulia, usiseme umeona nini. Unachora hapo hapo kwa mwanga wa tochi tuliyoipaka rangi nyekundu ya kucha, kisha unaenda kwako kuchora upya kwa usafi. Kesho yake, saa ya chai, tunafungua madaftari na kulinganisha, na kila mmoja anatia sahihi ya shahidi chini ya mchoro wa mwenzake. Sababu ni rahisi: ukishaambiwa kuna nini, utakiona hata kama hakipo.

Tulianza na nyota za Kilimia, tukaenda kwenye wingu la gesi la Orioni ambalo hata mtoto analiona, na hatimaye tukafika kwenye lile lililonishinda. Liko upande wa mashariki wa Orioni. Ni pete kubwa ya gesi, hafifu mno, na katikati yake kuna nyota sita, tatu mkabala wa tatu, moja ya pembeni ikiwa na umanjano kidogo. Nyota hizo niliziona jioni ya kwanza. Pete sikuiona. Niliangalia kando kidogo, kama inavyotakiwa kwa vitu hafifu. Nilijifunika kichwa kwa shuka. Nilichora nyota sita na kuandika chini yake, "wingu sijaliona."

Kesho yake saa ya chai yeye alifungua daftari lake, na pete ilikuwemo, imetiwa kivuli kwa penseli, upande mmoja mzito kuliko mwingine, na tundu katikati.

"Ni macho tu, Mwalimu," aliniambia, akipuliza chai. "Sisi si vijana tena. Hata mimi nililiona kwa shida."

Nilitia sahihi. Jioni tatu zilizofuata nilijaribu tena peke yangu na sikuona kitu. Nilikwenda kupimwa macho mjini Wote, nikaambiwa ni ya umri wangu, na hilo nalo nililichukua kama hukumu. Mwisho nikampa darubini. Niliibeba mwenyewe hadi kwake na kumwambia afadhali ikae na mtu anayeona. Aliipokea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba aliipokea na kuniambia asante.

Mwaka huu shule ilitaka michoro ya kubandika maabara, nikamwomba daftari lake. Alinipa bila kufikiri. Nilikuwa nyumbani nikilinganisha na langu nilipoona kwamba katika mchoro wake ile nyota ya umanjano ilikuwa kwenye pembe isiyo yake. Niligeuza karatasi juu chini, nayo haikukubali.

Darubini yetu ina kioo kidogo karibu na jicho, ili usivunje shingo ukitazama juu. Kioo hicho hugeuza kila kitu, kushoto kuwa kulia. Michoro yetu mingine yote imegeuka hivyo, yake na yangu, na tulishazoea kiasi cha kutoliona hilo tena. Nilichukua kioo cha mke wangu cha kujitazamia, nikaweka mchoro wangu mbele yake. Ndani ya kioo nyota zangu zikawa sawa kabisa na za kwake. Zilikuwa sawa pia na za picha niliyoitafuta kwenye simu, ambayo haigeuzwi na kioo. Alichora kutoka kwenye picha. Wingu lile hakuliona hata siku moja.

Nilikwenda kwake Jumapili akitoka kanisani.

"Ulichora kwenye simu," nilimwambia.

Alitazama viatu vyake. "Mwalimu, ulikuwa unalitaka hilo wingu sana. Nikaona nikisema sijaona, tutarudia mwezi mzima. Nilikuwa nimechoka."

"Si ungesema umechoka?"

"Ningesema aje? Halafu ukaleta darubini. Sasa ningerudi nyuma vipi?"

Darubini ilikuwa chini ya kitanda chake, kwenye lile gunia nililoibebea, na fundo lilikuwa langu. Hakuwahi hata kulifungua. Niliibeba nikaondoka bila kunywa maji aliyonikaribisha mkewe, na kwetu hilo si jambo dogo.

Nilijaribu jioni nne. Ya nne, upepo ukiwa umetulia, niligonga bomba la darubini kwa ukucha, na picha ilipotikisika kitu kikatikisika pamoja na nyota. Weupe, mdogo kuliko pumzi kwenye kioo. Kwanza sikujiamini, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mchoro wake, na hiyo ndiyo hasara ambayo sheria yetu ilikusudiwa kuizuia. Niliuchora hata hivyo. Nilipomaliza niliangalia: upande mzito wa pete yangu ulikuwa kwenye pembe tofauti na alikouweka yeye. Kwenye kioo cha mke wangu, ukaangukia pale pale alipouweka. Nilikuwa nimeliona wingu lenyewe, si mchoro wake, kwa macho yale yale niliyoyadharau miaka miwili.

Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu uani. Nikatoa simu, na namba yake ilikuwa imeshaanza kuita nilipokumbuka. Nikakata.

Alipiga mara moja. Niliacha iite mpaka ikanyamaza, kisha nikaenda kuuchora upya kwa usafi. Mahali pa shahidi pako wazi.