Udongo wa Kona ya Mzimu

Khamphan alipofika shambani kwa dada yake hakusalimia. Alikuwa ameitwa kwa simu ya maneno manne tu, njoo uone kazi yako, na njia nzima juu ya pikipiki alikuwa akipanga atakavyojibu. Lakini alipopanda tuta na kuuona mpunga, majibu yote yalimkaukia mdomoni.

Rai nane za mpunga wa kunata, kama ekari tatu, zilikuwa zimelala ovyo, kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Majani yameungua kingo, ncha zake za hudhurungi, na masuke yaliyokuwa yanatoka yalikuwa mepesi, yanapeperuka kwa upepo mdogo. Ulibaki mwezi mmoja kuvuna. Bunthom, dada yake, alikuwa amesimama majini na kitambaa kichwani, mkononi ameshika karatasi ya vipimo vya udongo. Chini ya karatasi hiyo palikuwa na saini ya Khamphan.

"Soma," alisema. "Soma kwa sauti nisikie, daktari."

Kila kijiji cha upande ule kina daktari wake wa udongo, mtu wa kujitolea, asiyelipwa, anayefundishwa siku chache wilayani na kurudi na sanduku la dawa za kupimia. Khamphan aliishia darasa la nne. Alichunga nyati wa baba yake, kisha akabeba zege Bangkok miaka kumi na mmoja, akarudi na mgongo mbovu. Siku kijiji kilipotafuta mtu wa kazi hiyo, kila mmoja aliinamisha kichwa ili asionekane. Khamphan, ambaye huinamisha kichwa siku zote, ndiye aliyeteuliwa. Lakini kazi aliipenda. Udongo haukumlazimisha kuongea. Kwa miaka tisa alikuwa akiwaambia watu mambo yaleyale kwa sauti ndogo: msichome mabua, hicho ndicho chakula cha shamba, mchanga wetu haukai na mbolea, lazima uwe na kitu cha kuoza ndani yake, pandeni marejea, majani ya kulisha udongo, baada ya mavuno, myalimie chini yakichanua. Walimsikiliza kwa adabu, wakaenda kuwasha kiberiti.

Sasa aliisoma karatasi ile. Ilisema udongo wa Bunthom hauna uchachu, usitiwe chokaa. Ilisema potashi, mbolea ya kutia shina nguvu, imejaa, isiongezwe. Iongezwe mbolea ya kukuzia majani tu. Bunthom alifuata kila neno, na mpunga ukapanda haraka, ukawa mrefu, laini, ukaanguka na kuungua kingo. Mtu yeyote aliyefundishwa hata siku mbili angejua kwamba huo ni mpunga wenye njaa ya potashi.

Bunthom hakungoja amalize. Alimwambia kwamba bwana wa miwa anakuja keshokutwa kuchukua jibu, na jibu analo. Atamkodishia shamba lote kwa miaka mitano, akae nyumbani, asisikie tena habari za vipimo.

Hilo ndilo lililomchoma Khamphan. Shamba lilikuwa la mama yao, likabaki kwa Bunthom kwa sababu ndiye aliyemtunza mpaka mwisho. Na mashamba yaliyokodishwa kwa miwa aliyajua. Yalichomwa kila mwaka kabla ya kukatwa, yakakanyagwa na malori, na siku yaliporudi kwa wenyewe yalikuwa magumu kama uwanja wa shule.

Alitembea juu ya matuta akiwa amekunja uso, akitafuta kosa la mtu mwingine. Alipofika kona ya juu alisimama.

Pale kwenye kona palikuwa na kijaruba cha ta haek, hatua tatu kwa tatu, anapokaa mzimu anayelinda shamba. Ndipo miche ya kwanza hupandwa kila msimu, na ndipo mzimu hupewa yai, kuku wa kuchemsha na ubani. Mpunga wa pale ulikuwa umesimama wima, kijani, masuke mazito yameinama.

Aliuliza taratibu, ule udongo aliomletea kwenye mfuko ili ukapimwe ulichimbwa wapi.

Bunthom aliikunja karatasi ile. Kisha akasema kwamba aliuchimba hapohapo, baada ya kuomba ruhusa vizuri, kwa vijiti viwili vya ubani.

"Hapa? Penye maganda ya mayai na mifupa na majivu ya miaka hamsini?"

"Karatasi inakwenda wilayani, ina jina la mama juu yake. Ulitaka nipeleke mchanga wa kule chini, unaotoa chumvi, wausome wageni?"

"Dada, ukiambiwa ulete mkojo hospitali, unampelekea daktari maji ya dafu?"

"Na wewe daktari," Bunthom alisema, "ulipouona mkojo unanukia dafu, ulisema nini?"

Hakuna shamba hata moja kijijini lililowahi kupata vipimo kama vile. Khamphan alipoletewa karatasi kutoka wilayani aliona wazi kwamba ni vizuri kupita kiasi. Lakini wilayani walikuwa wamelisifu shamba la dada yake mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesimama kwenye mkutano bila kusukumwa. Alitia saini. Mfuko aliupokea mlangoni, umefungwa kwa uzi, wala hakuuliza umetoka wapi.

Hasira haikuisha, iligeuka tu upande. Alivua shati, akachukua jembe kutoka kwenye pikipiki na kuingia shambani.

Alichimba kwa hasira, lakini alichimba sawasawa. Alikwenda mshazari, kulia kisha kushoto, mashimo kumi na tano, kila shimo la kina cha shubiri moja. Aliliacha tuta, akaiacha sehemu ya kichuguu na ile lilipolala lundo la samadi. Kila shimo alikata kipande chembamba cha ubavuni, kutoka juu mpaka chini, akakitia ndooni. Mwanzoni Bunthom alimtazama tu. Kwenye shimo la tano alikuja akaibeba ndoo, akimlaumu hatua kwa hatua kwamba anamkanyagia hata huo mpunga uliobaki.

Walichanganya udongo wote juu ya plastiki. Khamphan alichukua chembe kidogo, akadondoshea dawa kwenye kisahani. Ikawa ya njano kama bizari, rangi ya uchachu. Kisha akadondoshea udongo wa kona, ukawa kijani, rangi ya udongo mzuri. Bunthom alivitazama visahani viwili hivyo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo shamba la mama ni bovu," alisema.

"Ni chachu, na lina njaa. Bovu ni hilo tuliloliandika kwenye karatasi mimi na wewe."

Alimweleza la kufanya: apunguze maji, ainue mashina na kuyafunga matano matano yashikane, aokoe kitakachookolewa. Baada ya mavuno mabua yabaki, marejea yapandwe udongo ukiwa bado na unyevu, yalimiwe chini yakichanua. Chokaa itiwe kabla ya mvua. Potashi iwekwe kidogo kidogo, si yote kwa mkupuo, maana mchanga hauishiki.

Siku mbili baadaye bwana wa miwa alikuja akapewa chai, akaambiwa arudi mwakani. Bunthom aliisema mwakani kwa kumkazia macho mdogo wake, ili ajue amepewa msimu mmoja tu.

Walivuna magunia kumi na saba. Mwaka uliotangulia yalikuwa thelathini na manne. Majirani walichoma mabua yao, moshi ukavuka mpaka kwa Bunthom, na wawili kati yao walipita wakamuuliza kama kiberiti kimemwishia. Alikuwa amepiga magoti akitawanya mbegu za marejea juu ya mabua.

"Kiberiti ninacho," aliwajibu. "Leteni nyumba zenu."

Khamphan alikuwa upande wa pili wa shamba, anatawanya pia. Hakucheka. Asubuhi ile mzee mmoja alikuwa amemletea mfuko wa udongo, mweusi, mzuri, umefungwa kwa uzi. Khamphan alikuwa ameumwaga palepale mlangoni mbele ya mwenyewe, akachukua jembe, akamwambia, "Twende shambani kwako." Mzee alikasirika, akaondoka bila kuaga. Jembe lilikuwa bado limefungwa kwenye pikipiki, na akimaliza mbegu hizi angekwenda kwa mzee huyo, apende asipende.