Siku nilipomwita Bihogo katikati ya mto

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na kwenye ndoa yangu walikula watu elfu mbili. Haya, mia. Lakini mambo ya mto usiyapunguze hata kidogo, maana hayo niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, nami ni msichana wa miaka kumi hivi. Kaka yangu mkubwa alipata mchumba upande wa Walikale, ng'ambo ya mto, chini ya Kalembe. Sisi ni watu wa ng'ombe wa milima ya Masisi; mahari yetu inatembea kwa miguu yake. Tuliteremka na ng'ombe watano, baba mbele, na Koko, mama yake baba, nyuma na fimbo yake. Kati ya hao watano alikuwamo Bihogo, mwekundu wa kukolea. Nilimlea mwenyewe tangu mama yake alipokufa, na kila jioni nilimwita kwa wimbo wake wa sifa, kama tunavyofanya kwetu. Angeusikia hata akiwa Goma, na angekuja mbio.

Sasa alikuwa anakwenda kwa watu wengine, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Kivuko tulikiita baki: mbao zilizofungwa juu ya mitumbwi minne, zinavutwa kwa kamba ya chuma iliyokatiza mto. Mwenye kukivusha alikuwa Papa Bauma, mabega mapana kama mlango wa kanisa.

"Ngombe zikae katikati!" alipiga kelele. "Hii kitu haipendi uzito wa pembeni."

"Weye Papa," Koko akamjibu, "nilianza kupanga ngombe mbele baba yako hajazaliwa."

"Sawa, Koko. Lakini hii maji haikujui."

Watu walicheka. Wakapanda ng'ombe wote, baba, kaka, Koko, na mama wawili wenye mizigo ya maharagi. Mimi nikaambiwa ningoje safari ya pili.

Walipofika katikati nilimwona Bihogo kwa nyuma, mkia unafukuza inzi, na roho ikaniuma. Nikafungua kinywa, nikaimba.

Sikutaka arudi, mwanangu. Nilikuwa ninamuaga tu. Lakini ng'ombe anajua kuitwa, kuagwa hajui. Akageuka. Wenzake wakageuka naye. Uzito wote ukaenda upande mmoja, mtumbwi wa pembeni ukajaa maji, mbao zikasimama wima, na wote wakamwagika mtoni.

Baba, kaka na Papa Bauma walishika kamba ya chuma. Wale mama wawili waling'ang'ania mbao. Koko alikuwa anachukuliwa na maji, na karibu naye Bihogo anaogelea akizunguka, hajui pa kwenda.

"Koko, kamata mukia!" Papa Bauma alipaza sauti. "Na weye binti, ita! Ita tena!"

Nilikuwa nimeziba kinywa kwa mikono miwili.

"Ita, ndio atakuja!"

Niliimba mpaka miti ya Bisie, mbali kule msituni, ikatikisika. Bihogo akainua kichwa, akanitazama, akaja. Nyuma yake alikuja Koko, mkono umekaza mkia. Alipofika matopeni alitema nusu ya mto, akasema, "Fimbo yangu iko wapi?"

Wakwe zetu walikuwa wanatungoja ng'ambo. Walirukia mitumbwi yao, wakawatoa watu wote, wakawaleta upande wangu. Ng'ombe wawili tuliwapoteza.

Halafu akafika karani wa barabara, msimamizi wa kivuko. Alimnyooshea Papa Bauma kidole. "Ulipakia ngombe mingi. Kesho unaenda kwa Muzungu wa teritwari." Kila mtu alijua maana ya kupelekwa kwa mkuu huyo wa wilaya: fimbo, na kazi imekwisha. Baba aliangalia pembeni. Aliwaza ng'ombe wake. Papa Bauma alinitazama mara moja. Alijua. Akainamisha kichwa mbele ya karani.

Nilikwenda mbele ya karani. "Ni mimi. Nilimwita Bihogo, wote wakageuka."

Karani akacheka. "Mutoto kama huyu anaweza kupindua baki?"

"Anaweza," Koko akasema. "Ile sauti yake ilinitupa mu maji, na ile ile ilinitosha, ikanirudisha inje. Huyu Papa alipanga ngombe muzuri kuliko mimi."

Karani alikuna kichwa, akaondoka zake, na habari ya Muzungu ikaishia hapo. Papa Bauma akachuchumaa mbele yangu, maji yanamdondoka.

"Binti, sauti yako iko na uzito kupita ngombe tano. Siku ingine, mbele ya kuita muntu, angalia kwanza anasimama wapi."

Wakwe walisema mahari ya ng'ombe watatu imetosha. Watu uliowatoa majini, walisema, wamekwisha kuwa ndugu zako. Kesho yake, baki imefungwa upya, nilivuka na Bihogo, mkono wangu shingoni mwake, nimefunga mdomo safari nzima. Waulize ndugu zangu: jambo hilo halijatokea tena.

Nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, na watoto wanne mgongoni. Haya, mmoja. Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya kumshukuru Papa Bauma.

Basi, mwanangu, ukimpenda mtu, usimvute kwa ajili ya uchungu wako wakati yuko mahali pa kuteleza. Na ukipindua kitu, usimwache mwingine abebe lawama. Sema mapema, kabla ulimi haujazoea kunyamaza. Sauti iliyoharibu inaweza kutengeneza. Mungu akuvushe kila mto ukiwa mkavu, na siku utakapolowa, akupe wa kukuita na mkia wa kushika.