Buluu Chini ya Macho

Mchora mabango wa nyuma ya maduka ya Wahindi pale Nakuru hakuwahi kutaja jina lake, na Wamaitha hakumwuliza. Kabla ya kila mpigo wa brashi alifumba jicho moja, kisha akafutia vidole kwenye ukosi wa koti, mpaka ukosi ukawa na rangi zote za makopo yake. Wamaitha alitaka picha ndogo ya uso wake, ambayo mchungaji angempelekea mumewe kizuizini Manyani. "Nichore nikicheka," alimwambia, "asijue vile naishi." Mzee akachukua kipande kidogo cha ubao, akaanza. Mashavuni brashi ilipita haraka na kwa wepesi, kahawia yenye wekundu kidogo. Ilipofika machoni mkono ukapunguza mwendo, ukarudia palepale, rangi ikawa nzito. Wamaitha alishindwa kuvumilia, akainuka kuchungulia. Mdomo ulikuwa unacheka vizuri, lakini chini ya macho palikuwa na buluu.

"Mzee, mimi niko na buluu?"

"Ngozi yako haina," alijibu kwa sauti ya chini. "Lakini kila ukimaliza kucheka, naiona. Ukitaka, nitaifunika."

Akachovya brashi kwenye kahawia. Wamaitha aliusogelea ule uso, akautazama kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemtarajia. Haukuwa na chozi hata moja, na bado ulikuwa umelia. Akamshika mzee mkono kabla brashi haijagusa ubao.

"Wacha hivyo," alisema. "Akiona hii, atajua ni mimi."